Dakika Ishirini na Mbili Bila Jina

Mume wangu ana lalamiko moja la siku zote: hajawahi kusikia wimbo ukiisha nyumbani kwetu. Ukimnogea, akianza tu kutikisa mguu, mimi nimeshabonyeza unaofuata. "Mwache na mwenzio amalize," huniambia, nami humjibu subiri usikie huu, huu ndio wenyewe. Na kweli huwa naamini ndio wenyewe, mpaka dakika ya pili.

Ndivyo nilivyo, siwezi kukaa. Nikipika naosha vyombo, nikiosha vyombo nasikiliza kitu, na nikisikiliza kitu natafuta kingine. Jioni nikienda kutembea ufukweni Shangani na wenzangu, wao wanatembea, mimi nimeshafika mbele, nimerudi, nawauliza mbona mnajikokota. Mama alikuwa akisema ni kwa sababu nilizaliwa msimu wa kupulizia mikorosho, wakati mabomba yanaunguruma mashambani tangu alfajiri. Mimi naona alikosea. Ile ngurumo ndiyo kitu pekee kilichonituliza utotoni. Bomba moja shambani kwetu, moja kwa jirani, jingine mbali kabisa, kila moja na sauti yake, yanavuma bila kubadilika, na ukisikiliza sana unaanza kusikia kama kuna watu wanaimba ndani yake. Nilikuwa nakaa pembeni na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi la salfa, ile dawa ya mikorosho, nasikiliza. Sikumwambia mtu, maana utamwambia nani kwamba unasikiliza bomba.

Miaka mingi ikapita. Nikaja kufanya kazi redioni, kituo kidogo hapa mjini, vyumba vitatu na mnara. Siku moja nilikuwa nachezea kompyuta ya ofisini, nikachukua wimbo wa singeli nikaupunguza mwendo. Watu hawaiti singeli muziki wa kompyuta, lakini ndio huo huo, mtu na mashine yake chumbani Dar. Nikaupunguza, nikaupunguza tena, mpaka kile kinanda kilichokuwa kinakimbia kama kuku aliyefukuzwa jikoni kikawa kinapumua tu. Nikasikia bomba la kupulizia. Nilisimama pale na mkono mdomoni.

Basi, ikawa ndiyo ugonjwa wangu. Bando lote liliishia huko. Nikapata magitaa ya watu wa jangwani wanaoimba lugha ambayo sielewi hata neno. Nikapata makengele ya shaba kutoka visiwa vya upande wa pili wa bahari hii hii yetu, yanagongwa na watu ishirini kwa pamoja na hakuna anayemwahi mwenzake. Nikapata mtu wa nchi ya baridi aliyerekodi barafu ikipasuka ziwani, na mwingine aliyebonyeza noti moja kwenye mtambo akaiacha dakika kumi. Hiyo noti moja usiidharau. Ikifika dakika ya nne unaanza kuona ina vyumba ndani.

Sasa kupata kitu nikakaa nacho peke yangu, hilo siliwezi. Nikikipata saa nne, saa nne na dakika tatu kiko kwenye kundi la familia. Majibu yalikuwa ya kunitia hasira. "Dada, hii imekwama au ndivyo ilivyo?" Mwingine: "Nimedhani simu yangu imeingia maji." Shangazi mmoja, kila nilichotuma, aliandika "Amina". Wifi yangu wa Madimba, mke wa mdogo wangu wa kiume, aliandika kila mara maneno yale yale: asante wifi, nitasikiliza nikipata nafasi. Hakuipata. Ana shamba la mikorosho, ana mihogo, ana watoto watatu, na mimi nilikuwa nasema moyoni kwamba masikio yake ni mavivu. Na nikiri jambo ambalo wakati ule sikulikiri: nyingi katika hizo nilizowatumia, mimi mwenyewe sikuwa nimezimaliza.

Kazini nilikuwa msomaji wa matangazo. Mikutano ya vijiji, salfa imefika ghala fulani, mbuzi amepotea, mtihani wa majaribio. Na vifo. Hapo lazima nieleze vizuri. Tangazo la kifo kwetu huanza na kinanda cha polepole, bila maneno, kama nusu dakika. Kikianza, mwenye mashine ya kusaga huizima, anayegombana na mwenzake hunyamaza, watu wanasogea karibu na redio. Halafu inaingia sauti yangu na jina, ni wa wapi, anazikwa lini. Kila mtu kuanzia Mikindani mpaka vijiji vya mpakani anaijua kawaida hiyo. Akifa mkubwa wa nchi ndiyo zaidi, muziki usio na maneno unapigwa kutwa nzima. Masikio ya huku yamezoea hivyo: muziki wa polepole wenye ala tupu maana yake mtu ameshaondoka, kilichobaki ni jina.

Sokoni kina mama waliniita dada wa vifo, tena si kwa ubaya. Nikitokea, mmoja anauliza, "Leo nani?" huku anapima dagaa. Wallahi nilichoka. Nilitaka siku moja mtu anione aseme, yule dada wa muziki ule mzuri. Nikamganda bosi wetu miezi mitatu anipe nusu saa. Akanipa Jumapili saa kumi alasiri, wakati ambao masikio yote yako kwenye mpira, na akaniwekea sharti moja. "Uwe unaongea," aliniambia. "Kila dakika mbili tatu, ongea. Redio ikikaa bila maneno watu watapata wasiwasi." Nilidhani ana maana kwamba watu watadhani mtambo umeharibika. Nadhani hata yeye alimaanisha hivyo.

Wiki tano nilifanya kipindi changu, naongea, naeleza, naruka kutoka jangwani kwenda visiwani. Mtu mmoja wa Mtawanya alipiga simu kutuarifu kwamba mnara wetu umelegea. Mwalimu mmoja alipiga akataka kujua yale makengele ni ya wapi, na simu hiyo moja ilinilisha wiki nzima.

Wakati huo huo mdogo wangu alikuwa hajulikani aliko.

Yeye ni seremala. Alivuka Ruvuma kwenda ng'ambo kupaua nyumba, kazi ya miezi miwili, alivyosema. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akimpigia mkewe. Ijumaa moja hakupiga. Ya pili hakupiga. Habari za mapigano ya ng'ambo tulikuwa tunazisikia kama watu wote wa mpakani, kwa vipande, huyu kasema hivi, yule kakanusha. Ijumaa ya tatu nilimpigia wifi, akasema, "Bado." Ya nne, "Bado." Halii, haulizi, anasema neno hilo moja na kunisubiri nikate. Mimi roho juu juu. Kila asubuhi nikiletewa daftari la matangazo ya vifo, kabla ya kusoma lolote nilipitisha kidole kutafuta jina la ukoo wetu. Nilikuwa natafuta nikiomba nisilione. Kisha nalifunga, nachukua simu, natafuta muziki, nauacha katikati, natafuta mwingine.

Jumamosi ya wiki ya tano tangu aache kupiga, nilipata muziki wa dakika ishirini na mbili. Jina lake lilikuwa namba tu, na aliyeutengeneza sikumjua hata ni wa nchi gani. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi, nikasikiliza dakika tano za kwanza, na kwa mara ya kwanza katika wiki tano nikasikia kifua kimeachia. Nilipumua mpaka chini. Sijui nieleze vipi. Sikuendelea. Nilimpigia wifi hapo hapo.

"Kesho saa kumi fungua redio," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Siwezi kukuelezea kwenye simu. Utasikia mwenyewe."

"Haya," akasema.

Nilikata simu nikiwa na furaha, na furaha hiyo bado inanichoma. Nilijiona nimemtafutia dawa.

Kesho yake nilikuwa na mafua, sauti inakwaruza. Na nilikuwa nimeguswa, sitaki kudanganya, nilipokaa mbele ya kipaza sauti machozi yalikuwa karibu. Nikaamua leo sitaongea katikati, sharti la bosi likae pembeni, muziki huu haukatwi. Nikasema polepole, kwa sauti hiyo hiyo mbovu: "Haya ni ya mtu mmoja, wa Madimba. Mwenyewe unajijua. Acha kazi unayoifanya. Kaa chini. Kama kuna jirani, mwite, usisikilize peke yako." Nikauachia.

Mtu yeyote wa huku akisoma hapo ameshaelewa. Ndivyo tunavyomwambia mtu. Hatumtamkii msiba akiwa amesimama, wala akiwa peke yake. Tunamwambia kaa chini, tunamwita jirani ashike mkono, ndiyo tunasema. Mimi nimeyaona hayo tangu nina akili, nimeyafanya mwenyewe zaidi ya mara moja. Na aliyeyasema ni dada wa vifo, dada wa mume, sauti imeharibika kama ya mtu aliyelia, na nyuma yake ala tupu inakuja taratibu.

Nilivua vidude vya masikioni, nikalaza simu kifudifudi ili nisisumbuliwe, na unajua nilifanya nini kwa dakika ishirini na mbili? Nilikuwa natafuta wimbo wa Jumapili inayofuata. Sikusikiliza. Muziki ulikwenda hewani, mimi nabonyeza, naruka, huu unafaa, huu haufai.

Ulipoisha nikafungua kipaza sauti nikacheka. "Haya, umeonaje?" nikasema. "Nilikwambia utasikia mwenyewe."

Bosi aliingia na helmeti kichwani. Alikuwa ametoka kwake kwa pikipiki. "Nani amekufa Madimba?" akauliza. Nikamwambia hakuna aliyekufa. "Simu yangu imepigwa mara kumi na nne," akasema. "Watu wanataka kujua nani amekufa Madimba." Nikageuza simu yangu. Sikumbuki ilikuwa imepigwa na namba ngapi. Nikampigia wifi, ikapokewa na jirani yake, mama mtu mzima, nikamsikia anasema inna lillahi kabla hata ya salamu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, maiti inafika lini? Wanaume wanataka kujua wakachimbe wapi."

Nikamwambia, "Mama, hakuna maiti."

"Imebaki huko huko?" akauliza.

Bosi alinipakia kwenye pikipiki yake bila neno. Njia nzima sikuwa na mahali pa kuweka mikono. Nilitaka tufike na nilitaka tusifike. Madimba, kule kwenye mtambo wa gesi, nimekwenda mara zisizo na idadi, lakini siku ile kila kona niliiona mpya.

Walikuwa wameshatandika. Majamvi uani, wanaume upande wa barabara, wanawake ndani mpaka kwenye kizingiti. Sufuria kubwa ya jirani ilikuwa motoni, kunde zinachemka, ugali unasongwa. Watoto wa mdogo wangu walikuwa wamepelekwa nyumba ya tatu. Nilipotokea watu wakainuka, wanawake wakaanza kulia upya, wakanipisha njia kwa sababu mimi ni dada wa marehemu. Nikasimama katikati ya uwanja na viatu vyangu, nikasema hakuna msiba, ulikuwa muziki tu, ni makosa yangu.

Hakuna aliyenielewa. Mjomba wetu, ndugu wa mama, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, akaniita mbele yake. "Muziki gani?" Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo njia nzima sikuwa nimelifikiria.

"Kwa hiyo mwanangu yu hai."

Nikafungua mdomo. "Sijui, mjomba."

"Umeongea naye?"

"Hapana."

"Kuna mtu aliyemwona?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje kwamba hakuna msiba?"

Sikuweza kusema amekufa na sikuweza kusema yu hai. Nilikuwa nimevunja msiba bila kuwa na chochote cha kuweka mahali pake. Watu wakaanza kubishana kwa sauti za chini. Wengine walitaka kukunja majamvi, wengine wakasema majamvi ya msiba hayakunjwi hivi hivi, utauita mkosi. Shehe wa msikiti wa pale akaulizwa isomwe dua gani, ya aliyefariki au ya aliye safarini, akafikiri, akasema ataisoma ya msafiri. Ikasomwa. Kisha yule jirani mtu mzima aliyepokea simu akasema chakula kimeshaiva, hakiwezi kurudi kwenye gunia, acheni watu wale. Wakala. Walikula kunde za msiba wa mtu ambaye hatujui kama amekufa, na mimi nilipewa sahani, nikala pia.

Ndani, wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunikwa kanga. Walikuwa wamemvua bangili na hereni, kama anavyovuliwa mjane, wakaziweka kwenye kisahani cha chai. Nikapiga magoti mbele yake. Nikasema, "Wifi, nisamehe."

"Amekufa au hajafa?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi toka."

Nikatoka.

Kipindi changu kilikufa siku hiyo, na hilo halikuniuma hata kidogo. Kesho yake asubuhi nilisoma hewani maneno ya kuomba radhi, bila muziki wowote, si mwanzoni wala mwishoni. Sokoni sasa hawakuuliza leo nani. Walinyamaza nikipita, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilimpigia wifi kila siku na kila siku simu iliita mpaka ikakatika. Nikawa siwezi kusikiliza kitu. Nilifungua nyimbo nikazifunga kwenye sekunde ya kwanza. Natoka nyumbani naenda Shangani, nafika, narudi, nimesahau nilifuata nini. Mume wangu, maskini, akawa anafungua taarabu zake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza angeweza kuzimaliza, lakini alizizima kwa kuniangalia.

Siku ya kumi na tisa mdogo wangu alivuka mto kurudi, pale Kilambo, na mfuko wa vifaa begani.

Hakuwa na jeraha wala kisa cha maana. Simu yake ilikuwa imeibiwa, wakahamishwa kwenda kupaua mbali zaidi, ndani ndani huko kusiko na mtandao, namba za watu hakuzijua kwa kichwa hata moja. Alikuwa amekonda na amechomwa na jua. Nilipofika Madimba kumwona alikuwa amekaa uani anakula ming'oko, vile viazi vya porini, akaniangalia akacheka mpaka akapaliwa. "Dada," akasema, "nasikia nilikufa Jumapili." Watu wote wakacheka. Jirani mtu mzima akamdai zile kunde. Nikamuuliza kadi ya simu niliyomjazia muziki alipoondoka, kama angalau ilimfaa. "Niliufuta wote wiki ya kwanza," akasema. "Ulikuwa unanipa usingizi, nami niko juu ya paa."

Wifi hakucheka. Alinipa maji ya kunywa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anavyopewa mgeni. Masikio yake yalikuwa matupu. Katika fujo ya siku ile hereni moja ilipotea, kisahani kilibaki na moja. Niliporudi wiki iliyofuata nilimletea jozi mpya. Akashukuru, akaiweka juu ya kabati, na kila nilipokwenda niliiona iko pale pale kwenye karatasi yake.

Miezi ikapita hivyo, mpaka korosho zilipoanza kudondoka. Nikaomba likizo ya siku nne, nikaenda kumsaidia kuokota, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kukaa karibu naye. Mdogo wangu alikuwa na milango ya watu ya kumaliza. Sisi wawili tuliokota asubuhi, mchana tukakaa kwenye mkeka na rundo la mabibo katikati yetu, kila mtu ananyofoa korosho zake. Siku mbili hatukusema zaidi ya sogeza ndoo. Mimi, mtu wa kiherehere, nilikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu aliongea yeye, bila kuinua macho.

"Ule muziki wako."

"Wifi, mimi—"

"Sijakuambia uombe radhi. Nazungumza." Akatupa korosho kwenye ndoo. "Unaanza kama upepo uliobanwa chini ya bati. Unakaa hivyo muda mrefu. Halafu kinakuja kitu kama maji kwenye bomba la chini, yako mbali, halafu yako karibu, halafu yako mbali tena. Mara tatu. Kuna kengele ndogo, inalia mara moja tu, hairudi. Mimi niliingoja irudi. Halafu upepo unapungua, na nikasema sasa atasema jina, akawa hasemi, ukaanza tena mwingine wa chini zaidi."

Mikono yangu ilikuwa imesimama.

"Nilisikiliza kila kitu," akasema. "Sikulia. Wenzangu walikuwa wanalia, nikawaambia nyamazeni, nisikie. Nilikuwa nasubiri jina. Karibu na mwisho vyote vinanyamaza, na mwanamke anavuta pumzi. Hivi." Akavuta pumzi, fupi, ya mtu anayetaka kusema. "Nikajua ni wewe. Nikashika mkeka. Halafu hakusema."

"Hakuna mwanamke mle, wifi," nikamwambia. "Ni mitambo tupu."

Ndipo aliponiangalia. "Yupo. Wewe hukumsikia?"

Nilitaka kusema nimeusikiliza mara ngapi. Sikuwa nimeusikiliza hata mara moja. Nilikuwa na dakika tano za kwanza, na zile ngazi, na furaha yangu. Yeye ndiye aliyekuwa nao wote. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta mtu mmoja asikilize ninachokileta, hasa asikilize, asiniambie imekwama, na nilipompata nilimpata hivyo, na masikio yake yote yako kwenye redio akisubiri niseme kwamba mumewe amekufa. Nililia hapo hapo kwenye mabibo. Aliniacha nilie, akaendelea kunyofoa, kisha akanisogezea ndoo.

Niliporudi nyumbani mjini niliutafuta ule muziki. Ilikuwa alasiri, mume wangu yuko uani anarekebisha baiskeli. Nikakaa kwenye kiti, simu nikaiweka mezani mbali na mkono wangu. Upepo chini ya bati. Maji, mara tatu. Kengele moja, na mimi pia niliingoja irudi. Mara mbili niliinuka, mara mbili nikarudi kukaa. Dakika ya kumi na tisa vyote vikanyamaza, na mwanamke akavuta pumzi. Alikuwapo. Nilijikuta nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, nasubiri jina, na nilijua ni jina gani, ingawa mwenyewe alikuwa hai na nilikuwa nimemwacha asubuhi ile ile anakunywa uji.

Ulipoisha, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi. "Umeisha?" akauliza, kama haamini. Nikamwambia umeisha. Nikachukua simu nikampigia wifi, na siku hiyo ilipokewa upesi.

"Yupo," nikamwambia.

"Si nilikwambia."

Nyuma yake nikasikia randa ya mdogo wangu ikipita kwenye mbao, inakwenda, inarudi, inakwenda. Wifi akasema haya, nimwache ageuze ugali.

"Usikate," nikamwambia. "Iweke tu simu hapo chini, karibu na mumeo."

Akaiweka.